Naomba ushauri: kusoma miswada ya kale ya Nordiki katika hifadhi ya kidijitali

Ndugu wataalamu, poleni na majukumu. Ninaandaa insha ya isimu, na kwa wiki kadhaa nimekuwa nikitumia Menota, hifadhi ya mtandaoni ya matini za kale za nchi za Nordiki (Skandinavia na Iceland) iliyoanzishwa mwaka 2001, kusoma muswada wa Kiaislandi wenye alama GKS 2365 4to, yaani ule wa mashairi ya miungu na mashujaa ulioandikwa karne ya 13 na kurudishwa Reykjavík kutoka Denmark mwaka 1971.

Kinachonitatiza ni ngazi tatu ambazo matini ya muswada huonyeshwa humo. Ya kwanza hufuata umbo la kila herufi pamoja na vifupisho vya mwandishi. Ya pili hufumbua vifupisho hivyo lakini huiacha tahajia ilivyo. Ya tatu husanifisha tahajia ili maneno yapatikane kwenye kamusi. Hiyo ya tatu naimudu, ila nikirudi kwenye ya kwanza napotea kabisa (aliyewahi kusoma tenzi zetu katika herufi za Kiarabu atanielewa), tena baadhi ya herufi hutokea kama visanduku vitupu. Je, nikiweka kwenye kompyuta Junicode, fonti yenye herufi za miswada ya kale, itatosha, au kuna mpangilio wa kivinjari ninaopaswa kubadilisha?

Pia naomba kujua ngazi inayofaa kunukuliwa. Mimi naelekea ya pili, kwa kuwa ya tatu hufuta tofauti zilezile za tahajia ninazozichunguza, lakini nahofia msomaji asiyeujua mfumo huu atachanganyikiwa. Mliowahi kunukuu miswada ya aina hii mlifanyaje?