Revolva ya kubeba chini ya shati, bajeti dola 450: Taurus 856, Smith & Wesson 642 iliyotumika au Ruger LCR?

Muuza_Unga_KY
Wakuu, habari za mapambano. Niko Louisville, Kentucky. Nina kaduka ka vyakula vya nyumbani, nafunga saa tano usiku, na gari huwa naacha nyuma ya jengo kusiko na taa. Nataka revolva ndogo ya risasi aina ya .38 Special. Bastola ya magazini sitaki, kuvuta slaidi kunanisumbua mkono. Bajeti ni dola 450, na humo humo itoke holsta (mfuko wa kuibebea) na risasi. 856 mpya nimeiona kwa 330 hivi, 642 iliyotumika kwa 400, LCR mpya inapita 500. Nina green card (kibali cha ukaazi wa kudumu), sijawa raia. Tafadhali msiniambie ninunue Glock.

Chuma_na_Mafuta
Mkuu, LCR itoe kwenye orodha kwa sababu ya pesa tu, maana kwa triga ni tamu kuliko zote tatu. Ruger waliitoa 2009, nusu ya mwili ni polima, gramu 385 hivi. 642 ni alumini, gramu 410 au zaidi kidogo, nyundo imefichwa ndani kwa hiyo hainasi kwenye nguo. Zote mbili zinabeba risasi 5. 856 inabeba 6, na ile ya chuma ina gramu kama 620.

Wauzaji watakusifia wepesi. Wepesi ni mzuri mpaka ufyatue. Kwa pesa yako chukua 856 ya chuma, chenji inayobaki ndiyo holsta na maboksi ya risasi.

Dada_wa_Shabaha
Naunga mkono chuma. Nafundisha akina mama wanaoanza, na wengi huja na kabastola kepesi walikonunuliwa na waume zao. Wakipiga silinda mbili wanakaweka mezani, hawataki tena. Kaka, anza na risasi butu za grein 148 (uzito wa kichwa cha risasi), boksi limeandikwa wadcutter. Teke lake ni dogo na karatasi inatoboka safi. Boksi la 50 ni kama dola 25 hadi 35, usipotenga hela hiyo utakuwa umenunua pambo.

Jambo lingine la mitutu mifupi: fimbo ya kutolea maganda ni fupi, haiyasukumi yote hadi nje. Elekeza mtutu juu, piga fimbo kwa kiganja mara moja kwa nguvu. Ukisukuma polepole, ganda moja litabaki limening'inia chini ya ile nyota inayosukuma maganda na silinda haitafunga.

Babu_Jframe
Vijana mnakimbilia vipya. Smith wanatengeneza fremu hii ndogo tangu 1950, na iliyotumika mara nyingi imekaa kabatini tu. Ila uikague mwenyewe pale kaunta. Fungua silinda, hesabu matundu yote kwa macho na kwa kidole, yawe matupu. Muombe muuzaji ruhusa ya kufyatua tupu. Vuta triga taratibu huku unatazama silinda: inatakiwa iwe imeshajifunga kabla nyundo haijaanguka. Triga ikiwa imeshikiliwa nyuma, jaribu kuitikisa silinda. Ikicheza kidogo sana ni kawaida, ikizunguka kama kitasa kilicholegea, mrudishie. Halafu itazame dhidi ya taa: mwanya kati ya silinda na mtutu uwe mwembamba kama unywele, tundu zote. Mwisho angalia nyuma ya mtutu kama kuna ufa.

Chuma_na_Mafuta
Shikamoo Babu. Hayo yote sawa, lakini dola 400 kwa 642 inamwachia 50. Holsta peke yake inaimaliza.

Babu_Jframe
Marahaba. Basi apunguziwe bei! Anauza unga, kupatana anajua.

Karani_wa_Fomu
Mnabishania chuma na hamjamwambia la muhimu. Mwenye green card anaruhusiwa kununua. Wa viza ya muda kama wanafunzi kwa kawaida haruhusiwi. Fomu ya kununulia dukani ni 4473, utajaza namba yako ya uhamiaji, na kitambulisho kiwe na anwani unayoishi sasa. Ukaguzi wa rekodi zako ukichelewa usishangae. Na usimtume mshkaji akununulie kwa jina lake, hilo ni kosa kwa sheria ya serikali kuu.

Pili, Kentucky tangu 2019 mtu wa miaka 21 anabeba kwa kificho bila kibali. Chukua kibali hivyo hivyo. Sheria ya serikali kuu inakataza silaha ya moto, hata bastola, ndani ya futi 1,000 kutoka shuleni, na msamaha wake unamhusu mwenye kibali cha jimbo, siyo asiye nacho. Hesabu shule kati ya duka na nyumbani kwako. Sisi ambao bado si raia, hukumu ya kosa la silaha inaweza kukufukuzisha nchini hata kama kosa lenyewe ni dogo.

Muuza_Unga_KY
Hilo la shule sikulijua, na kuna mbili njiani. Asanteni. Je, ile 856 nyepesi ya alumini, gramu 445? Bei karibu sawa.

Dada_wa_Shabaha
Kama utaiweka mfukoni, fikiria. Kama ni kiunoni, chuma, na mkanda mgumu wa suruali. Holsta ifunike triga yote, ya kitambaa laini usiguse. Una watoto nyumbani?

Muuza_Unga_KY
Wawili, wa mwisho ana miaka minne.

Dada_wa_Shabaha
Basi kasanduku kadogo ka kufunga kwa namba kaingie kwenye bajeti kabla ya holsta. Unakapata kwa dola 30 na kitu.