Mila ndani ya riwaya: nipo katikati ya Myombekere na Bugonoka, ninyi mnasoma nini?

Mama Neema, Ipagala

Ndugu wasomaji, habari za jioni. Tangu upepo wa baridi wa mwezi Juni uanze kuvuma hapa Dodoma nimekuwa nikifunga madirisha mapema na kukaa na riwaya ya Aniceti Kitereza, ile ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka pamoja na watoto wao Ntulanalwo na Bulihwali, niliyoazimwa na jirani yangu aliyehamia huku wizara yao ilipohamishwa kutoka Dar es Salaam. Bado nipo katika kitabu cha kwanza. Ninaomba maoni yenu kuhusu jambo moja linalonisumbua, na ningependa pia kila mmoja aeleze riwaya aliyonayo mkononi sasa na anavyoiona.

Kisa chenyewe kimenishika. Mume na mke wanapendana lakini hawajajaliwa mtoto. Wazazi wa mke wanamchukua binti yao na kumrudisha kwao. Mume anabaki mpweke, kisha anajikaza kwenda ukweni kuomba arudishiwe mkewe, na wakwe wanamtoza pombe ya ndizi kabla ya kumsikiliza. Sijasoma riwaya nyingi za Kiswahili ambamo mwanamume anamtamani mke wake wa ndoa kwa uvumilivu kiasi hiki, tena katika jamii ambayo ingemruhusu kuoa mwingine bila mtu kumshangaa.

Tatizo langu ni kwamba mwandishi hapiti jambo lolote bila kulieleza. Pombe ikipikwa, tunaoneshwa upishi wake hatua kwa hatua; mgeni akifika, tunasikia salamu zote na majibu yake yote; watu wakila, tunaambiwa nani alinawa kwanza. Mara nyingi nimejikuta nimesoma kurasa nyingi na kisa hakijasogea. Si kwamba mila zinanichosha, kwa maana nilizaliwa na kukulia Bahi, na nyumbani kwetu hakuna mtoto aliyepita mbele ya mzee bila kusalimu. Ninachouliza ni hiki: je, maelezo haya ni sehemu ya riwaya, au ni kitabu kingine cha mila kilichowekwa ndani ya riwaya? Na ninyi mnapokutana na sehemu kama hizo, mnazisoma zote au mnaruka?

Mwanafunzi wa Ng'ong'ona

Shikamoo Mama Neema. Mimi naishi Ng'ong'ona, jirani na chuo, na ninayosoma sasa ni *Nagona* ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1990. Nilianza kwa sababu ya masomo, lakini nimeirudia mara ya pili kwa hiari yangu. Naitaja kwa sababu waandishi hawa wawili, Kitereza na Kezilahabi, wote ni watu wa kisiwa cha Ukerewe, na bado sijui kama kuna riwaya mbili za Kiswahili zilizo mbali zaidi moja na nyingine kuliko hizi.

*Nagona* ni kitabu chembamba ambacho mtu anaweza kukimaliza kwa siku moja, lakini ukikifunga unabaki na maswali ya mwezi mzima. Humo hakuna upishi wa pombe wala salamu ndefu. Kuna msafiri, kuna mahali palipojaa ukimya, kuna mazungumzo ambayo kila sentensi inabeba mzigo, na msomaji anatakiwa kujaza mwenyewe yaliyoachwa. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi ya riwaya, yaani kumwamini msomaji. Niliwahi kujaribu Myombekere na nikaishia njiani kwa sababu niliona mwandishi haniamini. Ananieleza kila kitu kana kwamba sijawahi kuona watu wakiishi. Nakiri kwamba *Nagona* nayo ina udhaifu wake, kwa kuwa zipo kurasa ambazo nimezisoma mara tatu na sijashika kinachotokea, na sidhani kwamba kila giza lililomo ni giza lenye faida. Hata hivyo nikipewa nichague kati ya mwandishi anayenificha mambo na yule anayenimalizia yote, nitamchagua wa kwanza. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba unaweza kuruka sehemu hizo, Mama Neema, na kisa hakitakupotea.

Mwalimu mstaafu, Mpwapwa

Nawasalimu wote. Mwanangu wa Ng'ong'ona ameeleza vizuri anachokipenda katika *Nagona*, nami nakubaliana naye kuhusu kitabu hicho, lakini ushauri wake wa kuruka kurasa siukubali hata kidogo, na naomba nieleze kwa nini.

Kwanza tumfikirie mtu aliyekiandika. Kitereza alizaliwa mwaka 1896, akapata elimu yake kwa wamisionari, na riwaya hii aliiandika kwa Kikerewe, lugha ya nyumbani kwake, akaimaliza mwaka 1945. Hapakuwa na mchapishaji wa kuipokea riwaya ndefu namna ile katika lugha yenye wasemaji wachache. Basi mzee yule akaketi akaitafsiri yote kwa Kiswahili kwa mkono wake mwenyewe. Kilipochapwa na Tanzania Publishing House ilikuwa mwaka 1980, miaka 35 baada ya kukamilika, na mwandishi akafariki mwaka uliofuata. Mtu anayeandika kwa subira ya namna hiyo hatumii kurasa ovyo. Aliona maisha ya wazee wake yanatoweka mbele ya macho yake, na alijua kwamba kijana ambaye hajawahi kuyaona hataelewa kwa nini Myombekere alihangaika vile. Mwanangu, unasema hakukuamini. Mimi naona alikuwa anaandika kwa ajili ya watu ambao walikuwa hawajazaliwa, na hao hawezi kuwadhania kwamba wanajua.

Pili, Mama Neema, nakuomba uitazame tena hiyo pombe. Ungeambiwa kwa sentensi moja kwamba alitozwa pombe akailipa, usingejua ametoa nini. Lakini ukifuata kila hatua, tangu kutafuta ndizi hadi kuomba msaada wa majirani, ukaona jinsi jambo dogo likiharibika kazi yote inaanza upya, unaanza kuhesabu gharama ya mapenzi yake kwa jasho. Kitereza hatuambii mahali popote kwamba Myombekere anampenda mkewe kupita kiasi. Anatuonesha akifanya kazi, na hapo kisa kinasogea sana, ila kinasogea kwa mwendo wa kazi yenyewe.

Nilifundisha Kiswahili kwa miaka mingi katika wilaya hizi zetu, na kitabu ambacho nilikuwa nikikilinganisha na hiki ni cha mtu wa hapa hapa, Mathias Mnyampala, aliyezaliwa Ihumwa mwaka 1917. Wengi wanamkumbuka kwa mashairi na ngonjera, lakini mwaka 1954 alichapisha kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo, kazi ambayo kila mtu wa Dodoma angepaswa kuwa nayo nyumbani. Hicho ni kitabu cha mila kwa maana halisi, kwa kuwa mambo yamepangwa kwa mada na msomaji anakwenda moja kwa moja kwenye analolitaka. Nilipokuwa nikiwasomea wanafunzi kurasa za vitabu vyote viwili, walikuwa wakiandika maelezo wakati wa Mnyampala, na wakati wa Kitereza waliweka kalamu chini na kuanza kubishana kama wakwe walitenda haki. Sisemi kwamba kimoja ni bora kuliko kingine. Nasema kwamba swali lako, Mama Neema, kama hiki ni kitabu cha mila kilichojificha, lilijibiwa na wale watoto.

Nina huzuni moja ambayo nimeishi nayo muda mrefu. Mnyampala alizaliwa wakati njaa kubwa ya Mtunya inaanza hapa Ugogo, njaa ya mwaka 1917 hadi 1920, iliyoletwa na ukame pamoja na majeshi ya Wajerumani na Waingereza yaliyochukua chakula, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Bibi yangu alikuwa akitaja watu kwa kuhesabu kama walizaliwa kabla au baada ya Mtunya. Mpaka leo sijaishika mkononi riwaya inayotuingiza ndani ya tembe moja, nyumba ya Kigogo, katika miaka ile, ikatuonesha siku kwa siku nani alikula nini na nani aliacha kula ili mwingine ale. Hiyo ndiyo kazi ambayo mkono kama wa Kitereza ungeiweza, na ndiyo maana nazithamini kurasa zake ambazo ninyi mnaziona ndefu. Kezilahabi, kwa heshima zote, asingeiandika kwa njia ya *Nagona*. Labda angeiandika kwa njia ya riwaya yake nyingine, *Rosa Mistika*, ambayo ni ya karibu zaidi na ardhi.

Ushauri wangu wa mwisho ni wa kiutendaji: zile sehemu za salamu na mashauri zisome kwa sauti. Zimeandikwa na mtu aliyekulia katika masimulizi, na sikio linazipokea vizuri kuliko jicho.

Fundi cherehani, Majengo

Mimi nasoma *Kuli* ya Adam Shafi wakati ninapongoja wateja, na nimeikaribia mwisho. Ni riwaya ya mwaka 1979 kuhusu makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948, na mhusika wake mkuu anaitwa Rashidi. Kisa kinakwenda haraka, na hali ya kazi ngumu imeelezwa na mtu anayewajali wanaoifanya. Ninachokiona kama upungufu ni kwamba wakubwa wanaowanyonya makuli wanafanana mno. Ningependa kuona hata mmoja wao akisita. Kuhusu swali la Mama Neema, mimi ninayeshona naelewa anachosema Mwalimu, kwa sababu mtu akisema tu kwamba gauni limeshonwa, hajui limekula usiku ngapi. Kitereza sijamsoma. Kitabu chake kinapatikana wapi hapa mjini?

Dereva wa Kondoa

Habari zenu. Naendesha lori kati ya Dar es Salaam na kanda hii, na kitabu kilicho kwenye kabati la gari langu sasa ni *Peponi*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, ambayo Ida Hadjivayanis aliitafsiri kwa Kiswahili na ikatoka mwaka 2022, baada ya mwandishi kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Kwa Kiingereza ilitoka mwaka 1994, lakini mimi nimeanza na hii ya Kiswahili na sijutii.

Inamhusu kijana Yusuf, ambaye ana umri wa miaka 12 anapochukuliwa na tajiri anayemwita ami, kumbe baba yake amemtoa kwa ajili ya deni. Baadaye anafuatana na msafara wa biashara kwenda bara. Sehemu hiyo ya msafara nimeisoma polepole sana, kwa sababu ni sehemu ambayo nami naijua kwa namna yangu: mizigo, wasimamizi, kulala mahali ambapo hujui wenyeji wataamkaje, na kila mtawala wa njiani kutaka kipande chake. Ugogo wetu katika karne ya 19 ulijulikana kwa misafara yote iliyopita kwenda Tabora na Ujiji kwa sababu ya hongo waliyotozwa wapitaji, na wakati huo neno hongo lilikuwa na maana ya malipo ya njia na ya maji, si ile aibu tunayoielewa leo. Katika nchi yenye ukame kama hii, mwenye kisima ana haki ya kuulizwa kabla watu mia kadhaa hawajanywa.

Naomba nitofautiane kidogo na Mwalimu. Gurnah naye anaeleza mengi, lakini anayaeleza kupitia macho ya mtoto ambaye haelewi anachokiona, na kwa hiyo msomaji hachoki, kwa kuwa anajifunza pamoja na Yusuf. Huenda kinachomchosha Mama Neema si wingi wa maelezo, bali ni kwamba katika riwaya yake kila mtu tayari anajua mila, na msomaji peke yake ndiye mgeni asiye na mtu wa kumshika mkono.

Mama Neema, Ipagala

Nawashukuru nyote. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kwanza kuufanyia kazi ushauri wa Mwalimu wa kusoma kwa sauti. Mama yangu yuko hapa kwa matibabu ya macho, na jioni tatu zilizopita nimekuwa nikimsomea baada ya chakula. Yeye hajui lolote kuhusu Ukerewe wala pombe ya ndizi, kwa kuwa maisha yake yote yamekuwa ya uwele, mtama na ng'ombe. Dereva wa Kondoa amesema kweli kwamba nilikosa wa kunishika mkono, na sasa nimempata.

Nilipofika mahali ambapo Myombekere anahangaikia ile pombe pamoja na majirani, nikataka kupita haraka, mama akanizuia na kuniuliza ni akina nani waliomsaidia. Nikamwuliza kwa nini anataka kujua. Akasema kwamba mwanamume hawezi kwenda ukweni na pombe peke yake, kwa sababu wanaoshirikiana naye kuipika na kuipeleka ndio watakaokuwa mashahidi siku mke akirudi, na hata siku akiondoka tena. Mtu asiye na majirani wa kumsaidia, wakwe wanamtazama na kujiuliza binti yao anarudi kwa nani. Nikarudi nyuma kurasa kadhaa na kuyasoma upya majina yote niliyokuwa nimeyaruka.

Salamu bado naziona ndefu, Mwalimu, na katika hilo niko upande wa kijana wa Ng'ong'ona, ingawa mama anazijibu kila ninapozisoma. Wewe fundi wa Majengo, sijakiona kitabu hiki katika maduka ya hapa, na hiki si changu, lakini nimemwuliza jirani naye amekubali kikae kwako nitakapokimaliza. Ukikubali nawe kuniachia *Kuli*, nitapita dukani kwako Jumamosi ya mwisho wa mwezi.