Machismo maana yake nini hasa na limetokea wapi?

BintiPangani
Habari zenu wakuu, kuna tamthilia ya Mexico naifuatilia usiku, imetiwa sauti za Kiswahili, sasa kuna mzee mle anamfokea mkewe mbele za wageni na hataki mwanawe wa kiume aguse hata ufagio, binti yake akamwambia "baba huo ni machismo", neno limeachwa hivyohivyo. Kazini mmoja anasema ni neno la Waaztec, mwingine jina la mtu. Kiswahili chake ni ubabe au mfumo dume?

Kasuku_wa_Lugha
Sio Waaztec wala jina la mtu dada. Ni Kihispania, mzizi wake ni macho, linatamkwa kama haya macho yetu ila kwao ni dume, limetoka kwenye Kilatini masculus. Lenyewe halina ubaya, paka dume ni gato macho, jike ni hembra, basi. Ukiongeza -ismo ndo inakuwa ile tabia ya kujiona dume, sauti ya mwisho iwe yake, asilie, asiogope, akiguswa kidogo ngumi. Mwenye tabia hiyo ni machista.

MzeeWaVina
Naongezea, maana wengi wanadhani Wamexico wanalo tangu enzi na enzi. Américo Paredes, mtaalamu wa ngano kutoka Texas, alizipitia corrido, zile nyimbo za visa zilizoimbwa sana kipindi cha mapinduzi yaliyoanza 1910, akakuta shujaa anasifiwa kwa hombre na valiente, yaani mwanaume na jasiri, macho halisikiki kivile. Limekuja kushika miaka ya 1940 rais akiwa Manuel Ávila Camacho, na Paredes anasema jina lenyewe lilichangia, Camacho na macho vina vinakubaliana kabisa mtunzi hahangaiki. Sinema za charro nazo, wale wapanda farasi wenye kofia pana na bastola, zikaisambaza hiyo sura. Ndo maana inaniuma mtu akitetea ubabe wa nyumbani kwa kusema ni mila, mila gani hiyo ina umri wa babu yangu!

Nuru_K
Na hata Mexico kwenyewe hawaelewani. Mwanaanthropolojia Matthew Gutmann alifanya utafiti mtaa wa Santo Domingo, Mexico City, miaka ya 1990, wazee walijiita macho kwa fahari, wakimaanisha mwanaume anayejiheshimu na kulisha familia, vijana wakalikwepa sababu kwao macho ni anayepiga mke. Ila hao hao vijana hawataki pia kuitwa mandilón, mwanaume wa aproni, anayeendeshwa na mkewe.

Kasuku_wa_Lugha
Dada sijakujibu la Kiswahili. Mfumo dume ni utaratibu wa jamii nzima, nani anarithi shamba, nani anasikilizwa kikaoni. Ubabe hata mwanamke anaweza kuwa nao. Machismo ni mwenendo wa mwanaume mwenyewe, mimi ningemwekea yule binti "baba, acha kujifanya dume".