Kushukuru kila siku bila kurudia maneno yale yale: mnafanyaje?

MamaWaKadutu

Wapendwa, Bwana asifiwe. Na ndugu zangu Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo.

Sala ya jioni nyumbani imekuwa ya midomo: aksanti kwa uzima, kwa chakula, kwa ulinzi, amina. Ukiniuliza dakika tano baadaye nimeshukuru nini, sina jibu. Mahubiri juu ya shukrani nimesikia mengi. Ninachotafuta ni namna: naanzia wapi, natumia muda gani, na nafanyaje siku ambayo maji hayakuja na sokoni hakikuuzwa kitu? Na kumtambua Mungu mchana katikati ya kazi, mtu anaweza kujifunza, au ni karama ya wachache?

KatekistaBagira

Milele amina, Mama. Mtu anajifunza, tena kwa mazoezi ya kawaida kabisa. Mtakatifu Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, katika karne ya 16, aliacha njia ya hatua tano ambayo hata sasa inafaa kwa mtu mwenye kazi nyingi. Robo saa inatosha: dakika 3 za kushukuru kwa mema uliyopokea, 1 ya kumwomba Mungu mwanga wa kuona, 7 za kuipitia siku, 2 za kuomba msamaha, 2 za kuazimia la kesho, kisha Baba Yetu. Dakika hizo nimezigawa mimi. Usizifuate kama sheria.

Angalia mpangilio, shukrani inakuja kabla ya dhambi. Wengi wanaugeuza. Wanaanza na makosa, robo saa inaisha wakijigombeza, na kesho yake hawana hamu ya kurudi. Mtu aliyekwisha kuona alichopewa anaungama vizuri zaidi, maana anajua amemkosea nani.

Kuipitia siku ndiko kunakowashinda watu. Ukijaribu saa kwa saa, akili inakimbilia ugomvi wa mchana na kubaki huko. Pita kwa mahali: kitandani, bombani, njiani, sokoni, jikoni. Kila mahali simama kidogo, uliza: hapa nilipokea nini? Hapa nilimpita Mungu bila kumwona? Yakobo naye alitambua baada ya kuamka: "Kweli BWANA yupo mahali hapa, wala mimi sikujua" (Mwanzo 28:16). Kuchelewa kutambua si kosa. Ukirudia zoezi hili jioni baada ya jioni, utaanza kushtuka mchana, ukiwa bado pale pale mahali.

Na usilifanye kitandani. Utasinzia kwenye hatua ya pili. Kaa kwenye kiti, vyombo vikishaoshwa.

Furaha_Ibanda

Naongeza juu ya shukrani yenyewe. "Aksanti kwa chakula" ni gunia lililofungwa. Lifungue, Mama.

Chukua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, zilizo kwenye sahani. Wavuvi waliingia ziwani jioni na taa zao, wakavua usiku kucha kwenye baridi. Asubuhi kuna mama aliyezinunua, akazianika au akazibeba kichwani kupanda mlima. Kuna aliyechoma makala (makaa) ya kupikia, kuna aliyesaga unga wa bugali. Juu ya wote yuko Yeye aliyeyajaza yale maji uhai. Fuata mnyororo huo wa mikono kwa kitu kimoja tu kila siku, usifuate vitano. Ukifika mwisho wake, sala inatoka yenyewe bila kutafuta maneno.

Kisha andika. Kaye (daftari) ndogo na biki, mistari mitatu kila jioni, na kilichoandikwa kisirudiwe ndani ya siku 7. Sheria hiyo ya kutorudia ndiyo inayofundisha macho. Kufika Alhamisi yale makubwa yamekwisha, unalazimika kuangalia vidogo: kivuli, salamu ya jirani, moto ulioshika mara moja. Wanaoanza na mistari kumi wanachoka siku ya nne.

Chungeni jambo moja, wapendwa: shukrani ya kujilinganisha. "Aksanti si mtoto wangu aliyelazwa." Hiyo ni sala ya Farisayo wa Luka 18:11, hata ikisemwa kwa unyenyekevu. Ukijikuta unaandika hivyo, futa mstari, mwombee huyo mtoto kwa jina.

Na kati ya mikono ile, mmoja mwambie aksanti kwa mdomo kabla ya Jumapili. Wakoma kumi waliponywa, mmoja ndiye aliyerudi.

MamaWaKadutu

Aksanti sana, dada Furaha, na Papa Katekista. Lakini tunaambiwa "shukuruni kwa kila jambo" (1 Wathesalonike 5:18). Kwenye nyumba yenye msiba, au mahali vita vimepita, nishukuru kwa hilo pia?

MsomajiWaZaburi

Hapana, Mama. Kigiriki cha mstari huo kinasema *en panti*, yaani katika kila jambo, ukiwa ndani yake. Paulo hamwambii mjane ashukuru kwa risasi. Wengine watakuletea Waefeso 5:20, "kwa mambo yote", na kweli pale neno ni jingine. Ila sura hiyo hiyo, mstari wa 11, inaagiza matendo ya giza yakemewe. Mtume hawezi kutuagiza tushukuru kwa kile anachotuagiza tukikemee.

Siku ya msiba tumia Zaburi ya 13. Ina mistari 6 tu. Mistari 2 ya kwanza inauliza "hata lini" mara nne. Miwili inayofuata inaomba. Miwili ya mwisho inatumaini. Soma mpaka pale moyo wako unapofika kwa kweli, usiuburute. Kama umekwama kwenye "hata lini", simama hapo; kesho utaendelea. Zaburi ya 88 inaishia gizani kabisa, na bado ni sala, imo katika Biblia. Kumlazimisha mwenye msiba aseme aksanti kunamfundisha kumdanganya Mungu.

KatekistaBagira

Ndivyo ilivyo.

Nimalizie lile la mchana. Chagua kazi moja ambayo huiepuki, kwa mfano kujaza bidoni ya lita 20, na uifungie mstari mmoja. Yohane Kasiano, mmonaki wa karne ya 5, alipendekeza Zaburi 70:1: "Ee Mungu, uniokoe, Ee BWANA, unisaidie hima." Useme polepole maji yakianza kutoka, kisha nyamaza usikilize sauti yake ikibadilika bidoni inapokaribia kujaa. Kazi moja, mstari mmoja, kwa mwezi mzima. Ukibadilisha kila wiki, havitashikana.

Kwa watoto, ulizeni mezani: "Leo nani amekutendea jema?" Mkubwa wa nyumba ajibu wa mwisho, la sivyo wote wataiga jibu lake.