Nina banda la gemu Ujiji: nimejaribu RPG ambayo haijatoka kwa dakika 20, nilipie sasa au nisubiri?

MwanaBuzebazeba

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela.

Nina banda la gemu hapa Ujiji, mashine za PlayStation: PS4 mbili na PS5 moja. Kinachoniendesha ni gemu ya mpira: mechi moja shilingi 500, aliyefungwa anampisha mwingine. Siku za mbalamwezi ndiyo navuna, maana vijana wa dagaa hawaingii ziwani, wanakuja kwangu mpaka usiku.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda Dar kufuata padi (vile vya kushika mkononi na kubonyeza). Kwenye jengo moja la maduka nikakuta promosheni ya gemu mpya ya RPG, yaani gemu ya hadithi ndefu ambayo wewe ndiye mhusika na unaamua mambo, na bado haijatoka. Skrini nane, foleni, unacheza dakika 20 unampisha mwenzako. Jina silitaji, uzi usije ukageuka vita vya mashabiki. Nilisimama foleni saa moja na nusu, padi nikaipokea ikiwa bado na joto la mikono ya aliyenitangulia. Kwenye kona ya skrini kuna saa inahesabu kurudi nyuma.

Nilianzia kijiji cha wavuvi kando ya ziwa. Kijana wako anatakiwa avuke, na mtumbwi pekee ni wa mzee mmoja ambaye hataki kusikia habari ya safari. Unaweza kumlipa, unaweza kumwibia usiku, au ukae naye umsaidie kushona wavu. Nikakaa kushona. Unabonyeza taratibu, uzi unaingia jicho moja la wavu, unatoka, unaingia jingine, na mzee anasimulia habari za mwanawe aliyezama. Marehemu baba yangu alikuwa mvuvi. Nilisahau kabisa kwamba nyuma yangu kuna foleni. Baadaye nikapigana na mnyama wa majini, nikafa mara mbili, mara ya tatu nikamweza. Mtumbwi ndiyo unasukumwa majini, saa ikaisha, skrini ikawa nyeusi.

Jirani yangu kwenye skrini ya pembeni aliiba mtumbwi. Nilichungulia kwake: mzee amebaki ufukweni anapiga yowe, nyumba moja baada ya nyingine zinawasha taa. Kwa hiyo uamuzi wako unabadilisha mambo.

Tangu nirudi Kigoma siwazi kingine. Malipo ya awali yameshafunguliwa, kwa pesa yetu ni karibu laki mbili. Ninayo, ila niliitenga ya betri ya kubeba banda umeme ukikatika. Dakika 20 zinatosha kweli kutoa laki mbili? Na gemu ya namna hii inaweza kuingiza chochote bandani, au nitakuwa nimenunua kwa ajili ya moyo wangu tu? Natanguliza shukrani.

FundiPadi_Mwanga

Mkuu, betri kwanza. Mpira umeme ukikatika umepoteza mechi moja. RPG ukikatika hujasevu (hujahifadhi ulipofikia), umepoteza jioni nzima, na mteja aliyelipa hatakuelewa.

Halafu nikuulize: mashine iliyokuwa inaendesha hiyo demo (kipande cha kuonja gemu) uliiona kwa macho?

MwanaBuzebazeba

Hapana mkuu. Ilikuwa ndani ya kabati lililofungwa kwa kufuli, chini ya skrini. Padi ndiyo ilikuwa ya PS5. Na palibandikwa karatasi kwamba gemu bado inatengenezwa, unachokiona kinaweza kubadilika.

FundiPadi_Mwanga

Basi hapo hujui kama ulichezea PS5 au kompyuta ya nguvu yenye padi ya PS5. Maonyesho mengi huendeshwa hivyo, na si wizi, ila wewe utacheza kwenye mashine yako, si ile ya kabatini.

Kumbuka RPG ya Cyberpunk 2077. Mwaka 2018 watengenezaji walitoa video ya dakika 48 ya mchezo wenyewe, watu tukachanganyikiwa. Ikatoka tarehe 10 Desemba 2020, kwenye PS4 ikawa inaganda na kujizima. Mwezi huohuo Sony, wenye PlayStation, wakaiondoa kwenye duka lao na kurudishia watu hela, ikarudi Juni 2021. Leo ni gemu nzuri sana, wameitengeneza kweli. Waliosubiri waliikuta ikiwa nzima na bei imeshuka. Gemu haikimbii, mkuu.

DadaWaIpuli

Kaka, pole na hongera. Mimi nipo Tabora, RPG ndizo ninazocheza miaka yote, na nilivyosoma habari ya wavu nimekuelewa vizuri sana. Usimsikilize atakayekuambia ni utoto.

Ila tenganisha vitu viwili. Dakika 20 zinatosha kukuambia kama mkono wako unaupenda mchezo: padi inaitikaje, kupigana kuna utamu au hakuna, maandishi yanasomeka au yanaumiza macho. Hilo umeshalipima, usilidharau. Zisichoweza kukuambia ni saa ya 30 itakuwaje. RPG inachosha katikati, si mwanzoni. Mwanzo ndio unaopikwa kwa uangalifu kuliko sehemu zote. Watengenezaji wa RPG ya Baldur's Gate 3 waliuza sehemu yake ya kwanza tangu Oktoba 2020 wakiendelea kuijenga, ikakamilika Agosti 2023. Sehemu hiyo ya kwanza ilinyooka kwa sababu wachezaji waliipitia karibu miaka mitatu. Malalamiko mengi ya hitilafu yakaja kwenye sehemu ya tatu, ambayo hakuna mchezaji wa kawaida aliyekuwa ameionja.

Hata hilo la kuiba au kushona, umeona matokeo ya dakika kumi. Je, saa 20 mbele mzee yule atakukumbuka? Au njia zote tatu zinakutana ng'ambo ya ziwa na hadithi inaendelea ileile? Hapo ndipo RPG nzuri inapotofautiana na ya kawaida, na demo ya foleni haiwezi kukuonyesha.

Ushauri wangu: subiri demo ya kupakua nyumbani. Siku hizi gemu nyingi za aina hii huwa nazo. Final Fantasy XVI demo yake ilitoka siku kumi kabla ya gemu, Juni 2023, na ulichocheza unaendelea nacho ukinunua. Octopath Traveler walifanya vizuri zaidi: demo ya kwanza 2017, wakauliza watu maoni, wakaongeza hata uwezo wa kukimbia kwa sababu wachezaji walilalamika mwendo ni wa kobe, ndipo mwaka 2018 wakaleta demo nyingine ya saa tatu.

Kwenye promosheni hawakukupa fomu ya maoni?

MwanaBuzebazeba

Walinipa dada, niliijaza. Niliandika kwamba maandishi ya chini ni madogo mno. Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwenye skrini na bado nilikuwa nakunja macho. Bandani kwangu watu wanakaa kwenye benchi ukutani.

DadaWaIpuli

Umefanya jambo la maana kuliko kulipia. Na hilo la maandishi lichukulie kwa uzito, maana RPG ni kusoma.

Mha_wa_Kasulu

Mimi nakuja kwenye biashara. Niliwahi kuwa na banda hapa Kasulu, nikaweka RPG moja ya upanga na mazimwi. Nikatoza kwa saa. Haikuvuta wateja. Mpira ni dakika kumi, kijana ana 500 anacheza anaondoka na furaha yake. RPG kijana analipia saa nzima, nusu saa anatembea porini hajui aende wapi. Kesho anakuja, anakuta mwenzake amesevu juu ya kazi yake. Ugomvi niliousuluhisha hapo siusahau. Kila mteja lazima awe na akaunti yake ndani ya mashine, na bado nafasi ya kuhifadhia itajaa.

Halafu tufikirie upakuaji. Final Fantasy VII Rebirth ilitoka Februari 2024 kwenye diski mbili, ni karibu GB 150. Kwa bando la simu hutaipata, labda uifuate kwenye WiFi ya mtu. Ukinunua, nunua diski. Diski ukishaimaliza unaiuza, unarudisha nusu ya hela yako. Ya kupakua huwezi kuiuza, ni yako mpaka kufa.

MwanaBuzebazeba

Hili la kusevu juu ya kazi ya mwenzako sikuliwaza kabisa. Asante sana mkuu.

MzeeWaBangwe

Wanangu, mimi nimestaafu, siyachezi hayo magemu, mjukuu wangu ndiye ananisomea huu uzi na mimi ninamwambia aandike.

Huyu kijana ameuliza kama hadithi inaweza kuingiza hela bandani. Sisi zamani kwenye mabanda ya video tulilipa kuona filamu za Kichina na Kihindi ambazo hatujui neno hata moja. Tulikuwa tunamlipia yule anayetafsiri. Anakaa na kipaza sauti, anasema "sasa hapa jamaa anamwambia baba yake", banda zima kimya. Filamu ileile bila yeye ilikuwa haina watu.

Wewe mwanangu umesimulia mzee na wavu wake kwa mistari michache, na mimi hapa nimemuona. Kwa nini kila mteja acheze peke yake? Mmoja ashike padi, wewe usome kwa Kiswahili, watu waamue: tumlipe mzee, tumwibie, au tukae kushona? Wabishane. Kesho watarudi kujua mtumbwi umefika wapi.

Mha_wa_Kasulu

Mzee shikamoo. Hapo umenifungua akili. Kosa langu lilikuwa kuuza saa, wakati watu wangelipia kiingilio.

DadaWaIpuli

Shikamoo mzee wangu. Nakubaliana na kila neno, na naongeza la kiufundi. Kwa mpango huo tafuta RPG ya kupigana kwa zamu, si ya kukimbizana. Ya zamu ni kama bao: adui anasubiri mpaka uamue, kwa hiyo watu ishirini wanaweza kubishana tumpige kwa moto au tumponye mwenzetu kwanza, hakuna anayekufa kwa sababu ya mjadala. Hiyo uliyojaribu kaka, ukichelewa sekunde moja yule mnyama anakumeza, sivyo?

MwanaBuzebazeba

Ndivyo dada. Mara mbili za kwanza nilikufa kwa kuchelewa kukwepa.

DadaWaIpuli

Basi usianze na hiyo. Anza na ya bure. Dragon Quest XI S ina demo tangu mwaka 2020, inakupa saa kama 10 za mwanzo wa gemu, na ukinunua unaendelea ulipoishia. Kupigana ni kwa zamu. Unasevu kanisani na kwenye sanamu, na yenyewe inasevu njiani, kwa hiyo hata umeme ukileta shida hurudi mbali. Haina mambo ya kuwafukuza wanafunzi bandani. Witcher 3 ninaipenda kuliko zote, ina uamuzi mzito kweli, lakini ni ya watu wazima, usiiwashe mbele ya watoto wa watu.

Angalia ukubwa wake kwanza, uipakue usiku sehemu yenye WiFi. Ukiona watu wanarudi siku ya tatu, hapo una jibu lako kwa shilingi sifuri.

FundiPadi_Mwanga

Na saizi ya herufi uijaribu ukiwa umekaa kwenye benchi la nyuma kabisa, si mbele.

MwanaBuzebazeba

Wakuu, nimesoma yote mara mbili. Laki mbili inakwenda kwenye betri, Jumatatu naifuata Mwanga, hapahapa Kigoma. Demo ya Dragon Quest naipakua wiki hii kwa rafiki yangu mwenye WiFi. Mbalamwezi inayokuja, vijana wa dagaa wakipanda nchi kavu, nitafunga mpira saa mbili usiku na kuweka hadithi, kiingilio shilingi 200. Mzee wangu wa Bangwe, wewe na mjukuu wako hamtalipa, nitawawekea viti mbele.

Ile ya Dar nitaisubiri demo yake. Ikiletwa, naanzia kwa mzee wa mtumbwi, na safari hii nitawaachia wavuvi wenyewe waamue.

MzeeWaBangwe

Tutakuja. Mjukuu anauliza kama anaweza kushika padi.

MwanaBuzebazeba

Ashike siku ya kwanza, babu.