Paris: Nimemtoa mama mkwe kwa chakula cha jioni, nimeishia kuaibika. Naomba ushauri

Shemeji wa Kilema: Wakuu, habari za jioni. Mama mkwe yupo kwetu, katokea Moshi. Nikaona heshima ni kumtoa yeye na binti yake tukale Kifaransa kwenye bistro fulani (jina nalihifadhi), mtaa wa watalii. Supu ya vitunguu ilikuwa ya vuguvugu. Tukaagiza nyama ya ng'ombe na chipsi, nikasisitiza iive. Ikaja damu inachuruzika mbele ya mama! Kurudishwa jikoni, ikarudi kama soli ya kiatu. Mguu wa bata wa mke wangu ulikuwa umekufa ladha, bila shaka umetoka kwenye mfuko wa kiwandani. Mama akala mkate tu, akatuuliza kwa upole kama huku ndizi hazipatikani.

Bili yuro 123, humo maji ya chupa yuro 14. Mhudumu akanishikia mashine ya kadi iliyoandika bakshishi asilimia 5, 10, 15, akasema huduma haimo. Nikabonyeza 10. Naweza kudai chochote? Na nimpeleke wapi kabla hajaondoka?

Mangi Mstaafu: Kumwekea mama wa Kichaga nyama mbichi mezani! Ng'ombe wa mahari wanahesabiwa upya hapo.

Jikoni Lyon: Pole kaka. Mimi napika huku. Hiyo wanayoiita *à point* (imeiva kiasi) kwetu bado ni mbichi. Sema *bien cuit* (iive kabisa), halafu urudie, maana wapishi wengi wanakereka kuivisha na wanaitoa mapema makusudi. Kuhusu bata usiwalaumu haraka. Mguu huo, yaani confit, asili yake ni akiba, mguu unapikwa polepole na kuhifadhiwa ndani ya mafuta yake, kwa hiyo mfuko peke yake si kosa. Uliona kwenye menyu alama ya sufuria yenye paa la nyumba? Hiyo ipo tangu 2014, maana yake kimepikwa hapohapo kwa malighafi. Kama waliiweka na bata ni wa kiwandani, hapo wamedanganya.

Shemeji wa Kilema: Alama sikuiona. Na bili je? Tulikaa nusu saa hakuna aliyeileta.

Dada wa Montreuil: Hilo waache. Huku kuleta bili hujaombwa ni kumfukuza mgeni. Ila kwenye bakshishi umeibiwa, shem. Bei ya menyu Ufaransa lazima iwe na kodi na huduma ndani yake, bakshishi ni hiari yako. Kukwambia huduma haimo ni uongo wanaowafanyia watalii. Maji nayo, ukiomba jagi la maji ya bomba ni bure, na tangu 2022 mgahawa unatakiwa kuonyesha hilo kwenye menyu au kwenye tangazo linaloonekana. Ingia SignalConso, tovuti ya serikali, ueleze na uambatishe risiti. Wenye mgahawa watatumiwa malalamiko yako na wanaweza kukujibu. Usitegemee sana pesa kurudi, lakini wakaguzi wanaona nani analalamikiwa mara kwa mara.

Mangi Mstaafu: Mpeleke Château Rouge, mtaa wa Waafrika, akale ndizi na samaki, yaishe.

Dada wa Montreuil: Mzee, kapanda ndege hadi Ufaransa akale ndizi? Nendeni Bouillon Chartier, Grands Boulevards, ipo tangu 1896. Foleni ndefu na mnabanana mezani, lakini bei ni za watu wa kawaida. Mama aagize nyama iliyochemshwa muda mrefu, bourguignon au pot-au-feu ikiwepo. Hizo hazijui damu.

Shemeji wa Kilema: Asanteni. SignalConso nimeshajaza. Nimemsomea mama hiyo pot-au-feu, kasema hataki foleni, anataka aipike mwenyewe hapa nyumbani. Buchani niombe nini?

Jikoni Lyon: Omba *paleron* (nyama ya bega) na *plat de côtes* (mbavu), na mifupa ya uboho, mmoja kwa kila mtu. Anzia maji baridi, toa povu, moto mdogo kwa muda wa saa tatu. Karoti, liki na tanipu ziingie saa ya mwisho. Viazi chemsha sufuria nyingine, vinachafua supu. Na haradali kali iwe mezani, mama ataipenda.