Kurekodi safari za pikipiki kwa laki tatu: simu kifuani, kamera ya Kichina au GoPro ya mtumba?

MtotoWaUyole
Wakuu, habari za jioni. Nina Boxer 150, na wikiendi nikipata nafasi napanda milima. Nataka nianze kurekodi niweke YouTube. Njia ninazozilenga ni Mbeya–Chunya mpaka pale World's End, Uyole–Tukuyu, na Chimala–Matamba ya kona hamsini na saba. Bajeti ni laki tatu, na memori kadi iwe humo humo. Kompyuta sina, kuediti itakuwa kwenye simu hii hii ya RAM 4.

Ninachopima: nifunge simu kwenye usukani, ninunue zile kamera ndogo za Kichina zilizoandikwa 4K (video kali sana) kwenye boksi, au nitafute GoPro, ile kamera ndogo ya michezo, ya mtumba? Aliyezitumia kwenye barabara zetu anisaidie. Nawasilisha.

Mnyalu_Barabarani
Kamwene mkuu. Usukani ufute kwenye hesabu. Injini ya silinda moja inatetemesha usukani muda wote, na simu nyingi zina kilenzi kinachoelea ndani ili kutuliza picha. Mtetemo ule ndio unaokimaliza. Mwaka 2021 Apple wenyewe walitoa tahadhari kwa wanaofunga iPhone kwenye pikipiki za injini kubwa, na hata kwa injini ndogo wakashauri kishikio chenye mpira wa kupunguza mtetemo. Simu ikiharibika hivyo, kamera inabaki inacheza-cheza na haishiki fokasi tena.

Simu ileile ivae kifuani. Mwili wako unameza mtetemo kabla haujaifikia, na mtazamaji anaona mikono, kioo cha pembeni na barabara kwa pamoja. Mimi kwenye mlima Kitonga naipenda hivyo kuliko kamera ya juu ya helmeti, kwa sababu ukigeuza shingo kuangalia lori la nyuma, picha haigeuki na wewe. Ila panga saa. Ukishuka Kitonga asubuhi kuelekea Mikumi jua liko usoni, picha inakuwa nyeupe tupu. Alasiri liko mgongoni.

Kona57
Napingana kidogo na Mnyalu. Kifuani pazuri kwa lami. Ukiingia vumbi na mvua, simu unayoitegemea kwa M-Pesa na kazi hutaki iwe mbele. Kwa njia ya Matamba tafuta GoPro Hero7 Black ya mtumba. Ilitoka 2018, na ndiyo iliyoanza na HyperSmooth, ule utulizaji wa picha unaofanya hata barabara ya mawe ionekane imelala. Maji haiogopi, haihitaji kasha.

Angalia sana neno Black. Kuna Hero7 White na Silver, muuzaji anaweza kukwambia ni kitu kimoja, lakini hazina HyperSmooth na betri yake haitoki. Ukifika dukani toa betri uilaze mezani: ikiyumba katikati imevimba, iache. Fungua kile kimlango cha pembeni uone mpira wake kama haujachanika. Halafu rekodi angalau dakika kumi hapo hapo dukani, uone kama inajizima kwa joto.

Boda_wa_Mafinga
Wakuu, na za Kichina msizitupe zote. Kwa kuanzia zinafaa, mradi ujue unanunua nini. Lile neno 4K kwenye boksi mara nyingi ni picha ndogo iliyovutwa ikawa kubwa, na za bei ya chini kabisa hazina utulizaji wowote. Jaribio langu ni jepesi: simama ng'ambo ya barabara, rekodi bango la duka lenye maandishi madogo, kwanza kwa 4K, kisha kwa 1080, daraja la chini yake. Kama maandishi hayaonekani makali zaidi kwenye 4K kuliko kwenye 1080, hiyo 4K haipo. Inunue kama kamera ya 1080 na bei iwe ya 1080.

Na kadi jamani. Kadi feki za GB 128 zimejaa. Ijaze yote nyumbani, kisha fungua klipu ya mwisho. Isipofunguka, irudishe siku hiyo hiyo. Chukua yenye alama ya V30, yaani yenye kasi ya kutosha kuandika video. GoPro ikirekodi kwa megabiti 60 kwa sekunde inakula kama GB 27 kwa saa, kwa hiyo GB 64 inakupa saa mbili na kidogo.

MtotoWaUyole
Asanteni sana wakuu. Naona simu kifuani kwanza inaniachia hela. Ila nilijaribu Igawilo jana, sauti ni upepo mtupu. Hapo nafanyaje?

DadaWaMwanjelwa
Mdogo wangu, hapo ndipo pa kuwekea hela. Mimi narekodi na kuediti harusi hapa Mbeya, na video za pikipiki ninazozitazama mpaka mwisho ni zile zenye sauti safi, hata picha ikiwa ya kawaida. Kelele za upepo dakika mbili tu mtu ameshahama.

Usitegemee maiki ya kamera. Chukua simu ya zamani, hata iliyopasuka kioo, uichomeke maiki ndogo, zile ambazo kawaida hubanwa kwenye kola. Hiyo maiki ifunge kwa kipande cha sponji ya godoro kama unene wa kidole gumba, juu yake kitambaa chenye manyoya, kisha ibane chini ya siti upande usio na ekzosi. Utapata injini yenyewe, ikibadilisha gia unaisikia. Kabla ya kuondoka piga kofi moja mbele ya kamera. Ukifika kwenye kuediti, tafuta ule mruko wa kofi kwenye sauti zote mbili, zilinganishe, kisha zima sauti ya kamera.

Maneno yako usiyaseme barabarani. Rudi nyumbani, jifunike blanketi, rekodi maelezo ukiwa umetulia.

Kuediti: kwa RAM 4 baki kwenye 1080. CapCut inakutosha, VN pia ni nzuri na ni nyepesi kidogo. Ukipata kompyuta siku moja, Shotcut na Kdenlive ni za bure na zina proksi, yaani unaediti nakala nyepesi na programu inatoa ile nzito mwishoni. DaVinci Resolve nayo ina toleo la bure, lakini inataka mashine yenye nguvu.

Muhimu kuliko programu ni kukata. Saa nzima ya Uyole–Tukuyu ikate ibaki dakika sita. Bakiza ukungu wa Uporoto, bakiza migomba inapoanza, bakiza ile kona ulipokutana na ng'ombe. Barabara iliyonyooka toa. Na kabla ya kuanza kurekodi funga mwanga na fokasi kwa kubonyeza kioo kwa muda, la sivyo kila ukipita kivuli cha mti picha inapepesa. Muziki chukua maktaba ya sauti ya YouTube yenyewe, ukitumia wimbo wa msanii utadaiwa haki.

MzeeWaMakambako
Vijana mmeeleza vizuri. Naongeza mawili. Juni na Julai baridi ya Kitulo inanyonya betri, kaa na ya akiba mfuko wa ndani, karibu na mwili. Pili, kamera iwashwe pikipiki ikiwa imesimama na isiguswe tena mpaka usimame. Kwenye kizuizi cha polisi zima kabisa.

MtotoWaUyole
Shikamoo mzee, nimekupata. Dada, ndaga fijo. Nimeamua: simu kifuani, maiki na kadi nzuri sasa, Hero7 Black nikijipanga. Mkanda wa kifuani unapatikana wapi?

Mnyalu_Barabarani
Usinunue. Nenda kwa fundi wa mabegi na mkanda wa begi la shule: mabega mawili, mmoja wa kuzunguka mbavu, katikati ashone kipande cha ngozi ngumu utakapofungia kishikio. Mwambie ashone akiwa amekuvalisha na koti lako la baridi, maana ukivaa koti baadaye mkanda haufiki. Kishikio kiinue kidogo kuelekea juu, kwa sababu ukiinama kwenye pikipiki kamera inaangalia tangi.